Masikio ya Tausi

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la kliniki ya akili, soma taratibu, foleni haina haraka na wewe. Najua ulivyokaa. Umejifunika ushungi mpaka puani ili jirani akipita asikutambue, na huyo aliyekusindikiza amejitenga kidogo, utadhani kila mtu kaja na lake. Mimi nilikaa hivyo hivyo. Jina langu Zuhura, mzaliwa wa Gongoni hapa Tabora mjini. Baba yangu ni fundi bati, anatengeneza ndoo na karai, na jioni anasomesha watoto Kurani, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Maalim. Mimi sijasomea udaktari, kwa hiyo sitakueleza ubongo unafanya nini. Nitakueleza yaliyonipata, na habari za punda mmoja mzee aliyenisaidia. Ukifika kwenye punda ukataka kucheka, cheka. Hata mimi nilicheka.

Nilijifungua mtoto wa kwanza masika, mvua ikigonga bati mpaka wakunga wanasemeshana kwa kupaza sauti. Tukamwita Mwamvua. Mume wangu Ramadhani, tunayemwita Rama, alikuwa kazini Urambo kwenye kituo cha kununulia tumbaku, hivyo arobaini yangu nilikaa kwa baba. Mama yangu alishafariki zamani. Usingizi ukanikimbia. Usidhani mtoto alikuwa msumbufu. Mtoto alilala vizuri tu, mimi ndiye nilikuwa macho, nikimlinda na kitu nisichokijua.

Nyuma ya nyumba yetu inapita njia ya Kwihara. Ni njia ya zamani, ile ya misafara iliyokuwa ikitoka pwani kwenda Ujiji. Bibi yangu alinihadithia nikiwa mdogo, akichagua mchele, kwamba wanawake nao walipitishwa hapo, pembe za ndovu kichwani na mtoto mgongoni. Mama akishindwa kubeba vyote viwili, alisema bibi, pembe haikuachwa. Akishafika hapo ananyamaza, anaendelea kuchagua mchele. Sikuwahi kumuuliza zaidi. Nilidhani nimeshaisahau hadithi hiyo.

Basi ndani ya ile arobaini nikaanza kusikia miguu. Watu wengi wanatembea kwenye vumbi, ile sauti ya kuburuza, na nje mvua inanyesha, njia ni tope tupu. Nilimwuliza baba kama kuna msiba umepita. Akasema hapana. Baada ya siku chache ikaja sauti ya mwanamke kutoka kati ya ile miguu. Ilisema, "Tua mzigo, mama. Umechoka. Tua." Watu wanadhani sauti hizi hutukana. Yangu ilinionea huruma, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Asubuhi moja mvua zilipopungua nilimbeba Mwamvua, nikaifuata njia ile. Mahali penye kichuguu na kichaka cha mikwaju nilimtua. Nilimlaza vizuri, nikamfunika uso kwa upande wa kanga ili nzi wasimsumbue, nikaendelea na safari. Bwana mmoja aliyekuwa akileta madebe ya asali mjini kwa baiskeli alimsikia analia, akapiga kelele, watu wakaja. Mimi walinikuta mbele huko, nimekaa chini ya jua. Mengine yote nimesimuliwa. Ninachokumbuka mwenyewe ni wepesi wa mgongo wangu. Mgongo unaukumbuka ule wepesi mpaka leo, na sipendi kuwa peke yangu ukinijia.

Mama mkwe wangu, Bi Tatu, alifika kutoka Urambo kesho yake. Nilitegemea matusi. Hakunitukana. Alimfunga Mwamvua mgongoni, akazungushia kanga ya pili juu ya ile ya kwanza, akakaza fundo. Kisha akaja mpaka mlangoni nilipokuwa nimekaa.

"Sikuchukii, Zuhura," alisema. "Lakini mjukuu wangu hurudishiwi mpaka nijue huyo anayekuamuru ameondoka."

Akaondoka naye. Sikulia. Nilikuwa nasikiliza miguu.

Baba aliniandikia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani, akaliosha, nikanywa. Kisha yeye huyo huyo, mtu wa Kurani, akanishika mkono kunipeleka hospitali. Majirani walimsema. Aliwajibu, "Dua ni yangu, sindano ni yao. Hatugombanii mgonjwa."

Kama ulijifungua kabla ya kuugua utanielewa nikikuambia kuhusu maziwa. Mtoto yuko Urambo, maziwa hayajui. Yalitoka kwa saa zake, yakalowesha gauni la wodini, na mimi nimelala nikitazama dari, sijui hata kama nina huzuni. Nesi alinifunga kifua kwa kanga. Dawa nazo zikafanya yao. Ulimi ukawa mzito, mikono ikatetemeka, mdomo ukakauka hata mate ya kumeza hakuna. Halafu nikanenepa. Nilivyorudi nyumbani sikuweza kuingia kwenye gauni langu hata moja, na kioo cha baba cha kunyolea ndevu nilikigeuza kikatazama ukuta.

Kuanzia hapo mwezi kwangu haukuwa mwezi tena, ulikuwa sindano. Mtu akiniuliza lini, namwambia sindano iliyopita, au sindano ya kabla ya Ramadhani. Kwenye benchi la kliniki nilikutana na mama mmoja wa Bukene aliyekuwa akija kwa treni na kaka yake mgonjwa. Kila nikimkuta ananimiminia karanga za kuchemsha kiganjani. "Kula, mwanangu, dawa zinataka tumbo." Hakuwahi kuniuliza nina nini. Sijui jina lake, na bado namwombea.

Rama alikuja kuniona kiangazi kilipoanza. Alileta sukari na sabuni, akakaa kwenye kiti cha wageni kwa mkewe mwenyewe. Nilimwuliza kwa nini hanitazami.

"Nikikutazama naiona ile njia," alisema.

Nikamwambia hata mimi naiona. Aliinuka, chai yake akaiacha. Baada ya hapo akawa anapiga simu. Simu fupi, umekula, umekunywa dawa, mtoto hajambo.

Sasa tuje kwa punda. Pale kliniki kuna nesi tuliyekuwa tukimwita Sista Neema, mwanamke mrefu, mkali wa maneno. Alikuwa ameanzisha pamoja na familia za wagonjwa shamba dogo la mifugo. Mbuzi, kuku na punda. Aliyetulizwa na dawa anapelekwa huko kufanya kazi. Aliponitajia nilikataa, maana shamba liko njia ya Kwihara, mbele ya kile kichuguu.

"Nakataa kupita pale, Sista."

"Mimi nilidhani umekataa mavi ya mbuzi," alisema. "Kupita tutapita wote. Jiandae."

Tukapita wote, ameshika kiwiko changu, anapiga soga za bei ya vitunguu njia nzima.

Punda niliyepewa alikuwa jike, mzee, aliyebeba maji maisha yake yote. Mgongoni ana makovu yasiyoota manyoya pale madumu yalipomsugua, na ncha ya sikio moja imechanika. Mtu fulani mwenye utani wake alimpa jina la Tausi. Kazi yangu ilikuwa kumsugua kwa gunia, kumtoa kupe, kumsafisha kwato na kumpa pumba jioni. Siku ya kwanza nilimsugua kwa mbali, nimenyoosha mkono. Yeye akanisogelea, akaniegemea kwa ubavu wake wote. Nikaganda. Ujue, tangu niugue watu walikuwa wameacha kunigusa. Wananisalimu, wananiletea uji, lakini mkono hawanipi. Na huyu mnyama kaniegemea kama ninavyoegemea mimi ukuta. Nilisimama hapo nikalia, kilio cha kwanza tangu mtoto achukuliwe. Tausi akaendelea kutafuna.

Kwa dawa zile miguu ilikuwa imepungua, haikuwa imekwisha. Siku moja jua kali, nikiwa nachambua kwato, ikaja. Vumbi, kuburuza, wengi, wanapita mbele kabisa ya ua. Na yule mwanamke akasema, "Hata kwato hiyo itue, mama." Nikainua macho kumtazama Tausi, nikijua atakata kamba akimbie. Masikio yake yalikuwa yamelala pembeni, malegevu. Anatafuna, jicho nusu limefumba.

Nikabaki nimeshika kwato. Muda kidogo masikio yale yakasimama yote mawili, yakaelekea upande wa Kwihara. Mimi sikusikia kitu. Nikasubiri, nikasubiri, mwishowe ndiyo ikatokea bodaboda, kwanza mlio wake, halafu vumbi lake.

Nikakaa chini. Huyu punda kasikia pikipiki ilipokuwa bado Kwihara huko, na wale watu chungu nzima waliompita mbele ya pua hakuwasikia. Basi hawakuwapo. Nilikuwa nimeambiwa hawapo na daktari, na Sista, na baba yangu mzazi, na sikumwamini hata mmoja, maana wote walikuwa na sababu ya kunifariji. Tausi hakuwa na sababu yoyote.

Nilimsimulia Sista Neema. "Hilo sikukufundisha," alisema. "Litumie. Na keshokutwa unamwona daktari, maana kama bado unawasikia, dawa tuiangalie upya." Wakaibadilisha. Nakuambia hili ili usije ukaacha dawa ukanunua punda.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yangu ya siri. Miguu ikija, natazama masikio. Yamelala, naendelea na shughuli. Niliruhusiwa hata kumchukua Tausi mchana kumsombea baba na majirani maji, jioni namrudisha. Nikaanza kulala. Nikaanza kutaka chumvi kwenye mboga. Rama alipopiga simu alisikia sauti yangu imebadilika, akamwomba mama yake amlete mtoto nimwone.

Walikuja shambani jioni moja, zaidi ya mwaka tangu achukuliwe. Mwamvua anatembea, anasema, ana gauni la njano, na hanijui. Bi Tatu alinipa mkono, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini. Ilikuwa saa ya pumba na mimi nimeshika karai. Nikapiga hatua moja kumwelekea mwanangu, na Tausi akanyoosha shingo kunielekea mimi, akalia. Wewe umemsikia punda akilia. Kilio kile hakina adabu.

Na sisi watu wa madrasa tumefundishwa tangu wadogo kwamba punda akilia ameona shetani, ujikinge kwa Mola. Nilimwona Bi Tatu akitazama ule mdomo wa punda umeelekezwa wapi. Midomo yake ikacheza. "Audhu billahi mina shaitwani rajim." Akamnyakua mtoto.

"Mama, ni njaa tu," nilisema. "Ni saa yake ya pumba."

"Mnyama hasemi uongo, Zuhura."

Wakaondoka. Neno lake ndilo lililonimaliza, maana lilikuwa neno langu. Mimi ndiye niliyekuwa nikijiambia kwamba mnyama hasemi uongo. Kama namwamini anaponyamaza, nitamkatalia vipi anapolia? Nikaacha kwenda shambani. Nikalala nimeelekea ukutani, na miguu ikarudi, safari hii inazunguka nyumba. Nikawa najiuliza Tausi aliona nini nyuma yangu.

Baba alinivumilia kwa siku kadhaa, kisha akaja akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono yake inanuka risasi ya kulehemu.

"Imepokewa kwamba punda akiona shetani hulia," alisema. "Haikupokewa kwamba kila anapolia ameona shetani. Ulikuwa umeshika nini?"

"Karai."

"Lina nini?"

"Pumba."

"Basi kaona pumba." Akainuka. "Vaa ushungi, mnyama wa watu hajasuguliwa."

Nilicheka, mwanzo kwa hasira. Nikaenda. Baba alimpigia Bi Tatu pia, akamweleza vile vile. Bi Tatu alimsikiliza kwa heshima zote, akasema Maalim nimekuelewa, na hakuja. Ikapita sindano, ikapita nyingine. Uyoga ukaanza kuuzwa barabarani, kumaanisha mvua zimerudi, na mwanangu bado Urambo.

Halafu alasiri moja nilikuwa namfunga Tausi kamba nimrudishe shambani, nikamwona Bi Tatu amesimama uani na Mwamvua mkononi. Hakuwa amemwarifu mtu. Nilimwamkia. Aliitikia, akafungua kanga yake kiunoni akanipa.

"Mbebe," alisema. "Mpeleke mnyama wako, urudi naye. Mimi miguu haina nguvu, nakungoja hapa."

Sikuuliza. Niliogopa nikiuliza atabadili nia. Mwamvua alikubali kwa sababu ya punda. Nilimfunga mgongoni, nikakaza fundo. Alikuwa mzito. Alikuwa na joto. Tulipotoka nje ya nyumba za mwisho alikuwa ameshasinzia, mate yake yananilowesha shingo.

Walinisubiri pale pale kwenye kichuguu. Walikuwa wengi kuliko siku zote. Miguu ilitoka nyuma, ikanipita kulia na kushoto, vumbi kwenye njia yenye tope. Yule mwanamke alikuja karibu kabisa, akanena sikioni mwangu kwa ule upole wake. "Amekuwa mzito sasa. Tua, mama. Pale pale palimtosha."

Nikatazama masikio ya Tausi. Yamelala.

Nikapiga hatua. "Tua." Yamelala. Nikapiga nyingine. Mkono wangu mmoja ulikuwa umefika kwenye fundo la kanga, sijui nani aliupeleka. Niliutoa, nikauweka shingoni mwa Tausi, nikaenda hivyo, natazama masikio yale tu, hata njia sikuiona. Kichaka kikaja ubavuni. Kichaka kikabaki nyuma.

Ndipo Tausi akasimama. Masikio yakainuka yote mawili, yakageuka nyuma, tulikotoka, yakatulia hapo.

Sijawahi kuogopa vile kabla ya siku hiyo wala baada yake. Maana yake kuna kitu. Nilikuwa nimekipa kitu hicho mgongo, na mgongoni kwangu ndiyo yupo mtoto. Nikasoma dua niliyoweza kuikumbuka, nikageuka.

Alikuwa Bi Tatu. Amejibanza kwenye kichaka cha mikwaju, viatu vyake amevivua amevishika mkononi ili nisimsikie, miguu yake ile isiyo na nguvu imezama kwenye tope. Tulitazamana. Kisha akajitoa kichakani, akaja.

"Umeisikia ile sauti?" aliuliza.

Ningeweza kusema hapana. Mtoto alikuwa hapo mgongoni kwangu, na hapana moja ingetosha kumbakiza.

"Nimeisikia, mama."

"Ilisemaje?"

"Nimtue."

Alimtazama Mwamvua, mdomo wazi, usingizi umemkolea. Akatazama chini ya kichuguu, pale.

"Na hukumtua."

"Sikumtua."

"Mimi nilisema mpaka huyo anayekuamuru aondoke," alisema. Akafikiri. "Haondoki, siyo?"

"Sista anasema huenda asiondoke kabisa."

Bi Tatu alivaa viatu vyake, akiwa ameshika bega langu ili asianguke. Aliuacha mkono pale begani hata alipomaliza. Kisha akaichukua kamba ya punda. "Haya twende, saa yake ya pumba inapita," alisema. "Asije akalia tena."

Mwamvua hakurudi Urambo. Rama naye alihamia mjini, polepole, kwanza nguo zake, halafu yeye. Kuna siku bado ananitazama kwa namna ile, nami namwacha anitazame mpaka imalizike. Bi Tatu tunaishi naye.

Tausi alikufa mvua zilizopita, amelala ubavu kwenye nyasi changa. Nilimwekea mkono masikioni mpaka yakapoa. Niliogopa sana wakati ule, na kama nawe unamtegemea mnyama, jua siku hiyo itakuja, ujiandae. Mtafute mtu. Mwambie mtu mmoja asiyekuonea haya unasikia nini hasa, neno kwa neno. Sindano usiiruke hata ukijiona umepona. Na huyo aliyekaa mbali nawe kwenye benchi, msogelee wewe.

Sindano yangu bado ipo, na miguu bado inapita, mara chache, zaidi mvua zikianza. Ikija sasa namwuliza Bi Tatu. Tunakuwa uani tunachagua mchele, namwambia, "Mama, unasikia kitu?" Haniulizi kitu gani. Anaacha mikono juu ya ungo, anainamisha kichwa, anasikiliza kweli kweli. Kisha anasema, "Hamna kitu, mwanangu," nasi tunaendelea.

Juzi alikawia kujibu. Aligeuza uso kwenye njia ya Kwihara, akakaa hivyo muda mrefu, mpaka nami nikaacha kuchagua. Mwamvua alikuwa anaruka kamba pale mlangoni.

"Waache wapite," alisema mwishowe. "Sisi tuna mchele."